Mnazi hausubiri: safari ya pesa kutoka juu ya mti, Kaloleni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Kaloleni bado ina giza, na mtu tuliyekuja kumwona tayari yuko juu. Tulimsikia kabla ya kumwona. Kotama ikikwangua, kisha kimya, kisha sauti kutoka kwenye makuti ikatuuliza kama tumeshakunywa chai. Tukasema bado. "Basi ingieni, mama yenu yuko jikoni. Mimi nina miti minane imebaki."

Tulikuwa tumepanda matatu kutoka Mombasa jana yake, tukakatia Mazeras, tukapita Rabai, tukalala Kaloleni mjini. Kisa cha safari ni methali. Mwanafunzi yeyote wa Kenya aliyewahi kuandika insha anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sote ofisini tuliitumia shuleni. Lakini tulipoulizana nani amewahi kumwona mgema akigema, hakuna aliyeinua mkono. Na hawa ni wateja wetu! Wenzetu wa huduma kwa wateja hupokea simu zao kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa, na maswali hayatofautiani sana. Nimepata meseji lakini salio halijasonga. Nimetuma kwa nambari isiyo. Nitathibitisha vipi kwamba nilimlipa mtu mwaka jana? Tukaona badala ya kuandika tena makala ya "fanya hivi, usifanye vile" tukiwa tumekaa kwenye kiti, twende tuone pesa hizi zinatoka wapi.

Kabla hatujaendelea: mnazi ni pombe. Kama hujafika miaka 18, soma tu. Kama utaendesha gari au bodaboda, pia soma tu.

Neno lenyewe linachanganya kidogo, maana mti unaitwa mnazi na kinywaji kinaitwa mnazi. Wazee wa Mombasa husema tembo. Hapa tutauita mti mti, na kinywaji tutakiita mnazi, tuelewane.

Wengi wetu tulidhani mgema hutoboa shina, au pengine huchachua maji ya dafu. Sivyo. Anatafuta karara, lile ganda gumu linalofunika upunga kabla haujafunguka. Analifunga kamba, analiinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, halafu anakata ncha. Utomvu unaanza kudondoka kwenye chombo alichokifunga hapo. Kuanzia siku hiyo hana likizo. Kila asubuhi na kila jioni lazima apande, amimine kilichopatikana, akwangue kipande chembamba kama karatasi ili kidonda kisizibe, arudishe chombo, ashuke, aende mti mwingine. Akikosa siku mbili, upunga unakauka na kazi yote inaanza upya.

Anapanda kwa vidato, zile pengo zilizochongwa kwenye shina za kuwekea mguu. Ndiyo, kidato ni hicho. Ile Kidato cha Nne uliyofanyia mtihani imekopwa kwa mtu anayepanda mnazi. Tulipomwambia mgema hivyo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Yeye aliachia shule ya msingi, akasema, lakini vidato amepanda kuliko sisi sote.

Kuna hesabu ngumu hapo juu ya mti ambayo wanunuzi wa mjini hawaijui. Upunga ukigemwa haugeuki kidaka. Hakuna kidaka, basi hakuna kitale, hakuna dafu, hakuna koroma, hakuna nazi. Tangu ua lifunguke hadi nazi ikomae ni karibu mwaka mzima. Kwa hivyo mwenye mti anachagua: asubiri nazi, au aruhusu mti ugemwe na apate pesa ndogo ndogo kila siku. Mwenye karo ya shule ya Januari hana nafasi ya kusubiri sana.

Sasa, ladha. Kule Ufaransa mkulima wa Chablis huuza divai yake nyeupe kwa jina la mahali. Zabibu ni za aina ya Chardonnay, ambazo hupandwa karibu kila pembe ya dunia, lakini za kwake zimeota kwenye udongo wa chokaa wa kwao, na mnunuzi hulipa kwa sababu hiyo. Tulidhani mambo hayo ni ya watu wa glasi ndefu. Kumbe ukikaa kwenye mangwe, yaani kilabu cha mnazi, swali la kwanza la mnywaji mzoefu halihusu bei. Ni "Huu wa wapi?" Na akijibiwa hanyamazi, anaonja abishe.

Mgema wetu ana msimamo, na tunauweka hapa kama wake. Miti ya huku vilimani, anasema, hutoa mnazi mzito. Miti ya mchangani karibu na bahari hutoa mwepesi, na wengine wanaupenda hivyo, shauri yao. Mvua ikinyesha unapatikana mwingi lakini umepoa. Kiangazi ni kidogo lakini kitamu. Jirani yake, ambaye naye hugema, alisikia haya akiwa mlangoni akakataa karibu yote.

Sehemu ya jibu haiko kwenye udongo, iko kwenye chombo. Utomvu unapotoka mtini ni maji ya sukari tu. Hamira za mwitu zilizo hewani, kwenye upunga na kwenye chombo chenyewe ndizo zinazoanza kula ile sukari na kutoa pombe. Kibuyu cha mgema, hata kikisuuzwa, hubaki na hamira za jana, na hizo ndizo huanzisha mnazi wa leo. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kugema miti iliyopakana na bado kila mmoja akawa na ladha yake. Mgema wetu anaamini kibuyu. Mtungi wa plastiki anautumia kusafirishia tu, na anausema kama mtu anayemsema shemeji asiyempenda.

Jambo ambalo hakuna anayebishana nalo ni saa. Divai ya chupa inaweza kukaa miaka kwenye stoo ikisubiri mnunuzi mwenye pesa. Mnazi hausubiri. Unaanza kuchacha ukiwa bado unadondoka. Ulioteremshwa alfajiri ni mtamu, mchana umekolea, jioni ni mkali, na baada ya siku moja au mbili ni siki. Barafu na friji hupunguza kasi, haziuzuii. Hauna lebo, hauna ghala. Una leo.

Na bidhaa yenye leo tu inamweka muuzaji pabaya sana wakati wa malipo. Muuza simenti akikuona huna pesa anairudisha simenti dukani. Muuza mnazi akikataa kukupa saa kumi jioni, kila nusu saa anayosubiri mnunuzi mwingine inamkula. Hilo wanunuzi wanalijua. Matapeli pia wanalijua.

Kutoka Kaloleni mitungi ya lita 20 hushuka Mombasa kwa bodaboda na matatu. Mmoja wa wanaoipokea ni mama mmoja mwenye kilabu chenye leseni upande wa bara. Tulienda kumwona siku iliyofuata. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti vya kivulini, halafu akatuuliza kwa upole kama sisi ndio wale wa kampuni ya simu. Tukasema ndiyo, upande wa malipo. Akasema, "Haya wanangu, kaeni basi niwaeleze."

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mteja mgeni alikuja na pikipiki kununua mitungi mitatu ya sherehe, akaomba nambari ya simu ya mama ili alipe. Meseji ikaingia. Ilikuwa na kila kitu: jina, kiasi, saa, ile nambari ndefu ya muamala, hata "salio lako jipya ni". Kilabu kimejaa, watu wanamwita huku na huku, mnazi wa asubuhi umeanza kuwa mkali. Akasema chukua. Baada ya saa moja alitaka kumtumia mgema pesa zake na simu ikamwambia salio halitoshi. Meseji ile haikutoka kwetu. Ilitoka kwenye nambari ya kawaida ya simu, imeandikwa kwa mtindo wetu.

"Na hata ningempata kesho yake," alisema, "angenirudishia siki."

Kilichomuuma zaidi si mitungi mitatu. Ni kwamba ilibidi ampigie mgema kumwambia wiki hiyo hana. Mgema naye ilibidi amwambie mwenye miti. Meseji moja ya uongo Mombasa, na watu watatu hadi Kaloleni wakalala na deni.

Siku hizi mama anapokea kwa nambari ya tili ya biashara, si laini yake. Pesa za kilabu haziingiliani na za nyumbani, na mteja akilipa, jina la biashara linatokea kwenye simu ya mteja mwenyewe kabla hajabonyeza. Pia ana sheria moja ambayo ameifundisha hadi kwa msichana anayemsaidia: meseji haisomwi, salio ndilo linasomwa. Mteja anaweza kuonyesha simu yake, anaweza kuapa, anaweza kuwa ni jirani. Msichana anafungua programu kwenye simu ya kilabu, anaangalia pesa imeingia, ndipo mtungi unainuliwa. Inachukua kama dakika moja. Mama anasema hakuna mteja wa kweli aliyewahi kukasirika kwa dakika hiyo.

Tulimwongezea moja, kwa sababu alikuwa bado hajakutana nalo na hatutaki akutane nalo. Kuna anayetuma pesa ya kweli, halafu anapiga simu akilia kwamba amekosea nambari, umrudishie. Wewe una huruma, unamrudishia kwa mkono wako. Kumbe ameshatuomba sisi turudishe ule muamala wa kwanza. Ukipigiwa simu kama hiyo usitume kitu. Mwambie apige huduma kwa wateja, nasi tutashughulika na pande zote mbili. Huruma yako haitapotea, itapitia njia inayoacha alama.

Alama ndiyo iliyotufanya tukae Kaloleni siku moja zaidi ya tuliyopanga.

Mwaka 1972 mwanaanthropolojia Mwingereza, David Parkin, alichapisha kitabu kuhusu Wagiriama kiitwacho Palms, Wine, and Witnesses. Minazi, mvinyo wake, na mashahidi. Kichwa hicho kina hesabu yote ya biashara ya hapa. Miti inauzwa na kukodishwa, mashamba yanabadilisha mikono, na siku ya mapatano wazee hukaa pamoja, mnazi hunywewa, na wale waliokunywa ndio wanaokumbuka kilichosemwa. Ukigombana na mtu miaka kumi baadaye, unawaita. Kwa hivyo kumkaribisha mzee mnazi kulikuwa pia ni kumweka mtu atakayekumbuka. Hadi leo, kwenye posa za Wamijikenda, mnazi haukosekani mezani kwa sababu hiyohiyo.

Mgema wetu hagemi miti yake. Anakodisha miti kumi na miwili kwa mzee mmoja wa hapo jirani, na walipatana kwa mdomo miaka mingi iliyopita, mbele ya wazee wawili. Mwezi ukiisha anampelekea pesa. Zamani alikuwa akimpa mkononi. Baadaye mzee alipoanza kuugua na kukaa kwa binti yake, akaanza kumtumia kwa simu.

Mwaka jana mzee alifariki. Matanga hayajaisha vizuri, kijana wake mkubwa akaja na maneno: baba alikuwa akilalamika kwamba miti haijalipiwa miezi minane. Kuna mgema mwingine tayari kulipa. Achia miti.

Hebu fikiria hapo. Wazee wawili walioshuhudia mapatano, mmoja ameshatangulia na mwingine anakumbuka mapatano lakini hakuwepo kwenye malipo ya kila mwezi, angekuwepo vipi? Malipo yalipitia hewani. Meseji alizifuta zote, kwa sababu simu yake ndogo hujaa na hukataa kupokea nyingine. Miti kumi na miwili ndiyo chakula cha nyumba yake, na karo ya watoto wawili.

Jirani yake, yule mbishi, ndiye aliyemwambia kwamba kufuta meseji hakufuti muamala. Alienda kwa duka letu la huduma Kilifi na kitambulisho chake, akaomba statimenti ya mwaka mzima, ikachapishwa. Siku ya kikao wazee walikaa chini ya mwembe, kijana wa marehemu akiwepo, na mwalimu mmoja akaombwa asome. Tarehe, kiasi, jina la marehemu. Tarehe, kiasi, jina la marehemu. Akasoma mitano.

Mitano, si minane.

Miezi mitatu haikuwepo. Mwezi mmoja mgema alimpa pesa taslimu mtu aliyekuwa akienda mjini amfikishie mzee, na mtu huyo hakukana wala hakukubali, alisema hakumbuki. Miezi miwili aliituma kwa nambari ya mjukuu, kwa maelekezo ya mzee mwenyewe wakati simu yake imeharibika. Miamala hiyo ilionekana kwenye karatasi, lakini kwa jina la mjukuu, na mjukuu alisema zile zilikuwa zawadi za shule. Nani wa kumbishia?

Wazee waliamua mgema abaki na miti, na alipe upya miezi mitatu. Alilipa. Alituambia bila uchungu mwingi, au labda uchungu ulishaisha. Alichosema ni kwamba mitano ile ndiyo iliyomwokoa, maana bila hiyo angekuwa na neno lake tu dhidi ya neno la maiti.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwake tulizungumza sana kuhusu miezi mitatu ile, na hapa tutasema tunavyoona sisi. Sheria ya wazee ilikuwa nzuri: mapatano yana mashahidi. Kosa liliingia pale malipo yalipoanza kukwepa shahidi, mara kwa mkono wa mtu, mara kwa simu ya mwingine. Kama unakodisha miti, shamba, chumba au pikipiki, lipa kwa nambari ya yule mliyepatana naye. Akibadilisha nambari, au akitaka umlipie kwa mtoto wake, mwambie akuandikie hilo kwa meseji kutoka laini yake mwenyewe, na hiyo meseji usiifute. Pale programu inapokuuliza sababu ya malipo, usiruke. Andika "kodi ya miti, Machi." Maneno manne. Yangetosha kumaliza hadithi ya zawadi za shule. Na statimenti usingoje ugomvi ndiyo uiombe. Unaweza kuitoa mwenyewe kwenye programu kila baada ya miezi michache ukaitunza.

Kuhusu ile methali, tuliiuliza. Tulikuwa tumeogopa kidogo kwamba ni matusi. Mgema alisema yeye hana shida nayo, ila imemkosea mtu. "Mimi nikitia maji, mnunuzi wangu ananijua kwa jina na kwa mti. Atakuja hapa. Maji yanatiwa njiani, na anayetia hajulikani jina." Mama wa Mombasa, tulipomweleza, alisema wagema wote husema hivyo.

Jioni tulikaa uani tukimwangalia akipanda tena. Mtungi wa mwisho ulikuwa tayari umefungwa nyuma ya bodaboda, na kijana wa bodaboda ameshawasha pikipiki. Nyumba hii nayo ina sheria yake siku hizi, na mwenye sheria ni mkewe. Simu iko kwake, imefungwa kwenye ncha ya leso. Ikalia. Hakusoma meseji. Alifungua, akaangalia salio, akahesabu kitu kwa vidole, akaangalia tena.

"Imeingia!" akaita.

Kutoka juu kotama ikanyamaza kidogo. "Yote?"

"Yote."

"Basi aende, barabara ina giza."

Kijana akaondoa pikipiki, na kotama ikaendelea kukwangua.